Gereza Linajazwa Mlangoni

Anayehudhuria mahakama zetu kwa wiki chache tu huizoea sentensi moja: "Upelelezi haujakamilika." Mwendesha mashtaka huitamka amesimama, hakimu huandika tarehe nyingine, na washtakiwa hurudishwa kwenye karandinga. Kama kesi ni ya mauaji au ya uhujumu uchumi, huongezwa kwamba mahakama haina mamlaka ya kuisikiliza, hivyo mshtakiwa hatakiwi kujibu chochote. Hajajibu chochote, hajahukumiwa kwa lolote, lakini usiku huo atalala gerezani. Baada ya siku 14 ataletwa tena kuisikia sentensi ileile. Wapo walioisikia kwa miaka mitatu, na wapo walioisikia kwa saba.

Mjadala wetu kuhusu magereza huanza vibaya kwa sababu huanza na mfungwa. Tunamtaja jambazi, mbakaji na muuaji, kisha tunaulizana kama anastahili huruma. Lakini kwa miaka mingi Tanzania, karibu nusu ya watu walio nyuma ya kuta hawakuwa wafungwa hata kidogo, walikuwa mahabusu. Nchini Kenya mahabusu nao ni zaidi ya theluthi. Duniani kote, katika watu zaidi ya milioni 11 waliofungiwa, theluthi moja hivi bado wanasubiri hukumu. Mtu anayetaka kulielewa gereza la Afrika Mashariki aanzie mlangoni, pale watu wanapoingizwa, aangalie ni nani anayeingia na kwa sababu gani. Hapo ataona kwamba sehemu kubwa ya tatizo inahusu watu ambao hakuna aliyewahi kukaa chini na kuamua kuwa wanastahili kufungwa. Wamekamatwa, wamekosa wadhamini, wameshindwa faini, au kosa walilotajiwa halina dhamana. Ndiyo maana nasema kwamba njia mbadala za kifungo, tulizo nazo nyingi kwenye vitabu vya sheria, hazitaleta nafuu kubwa tukizielekeza kwa mfungwa peke yake huku tukiuacha mlango wa kuingilia wazi kama ulivyo.

Gereza kama adhabu ya kawaida ni jambo jipya kwetu kuliko tunavyodhani. Jamii nyingi za bara zilitoza fidia ya ng'ombe au mbuzi, zilimlisha mtuhumiwa kiapo, na aliyeshindikana zilimfukuza. Pwani ilikuwa na vifungo vya ngome za masultani. Sisemi zama hizo zilikuwa za haki: mtumwa hakuwa na wa kumlipia fidia, na aliyeitwa mchawi hakupewa nafasi ya kujitetea. Lakini kumweka mtu ndani kwa miaka, alishwe na dola na asimlipe chochote aliyemkosea, ni utaratibu ulioenea na utawala wa kikoloni, na ulienea kwa sababu ya kodi na kazi. Aliyeshindwa kulipa kodi ya kibanda alifungwa. Kenya, aliyekutwa bila kipande, yaani kitambulisho cha kazi, alifungwa. Mwaka 1925 koloni hilo lilitungiwa sheria ya kambi za kizuizini kwa ajili ya wakosaji wadogo, wakiwemo walioshindwa kodi. Fort Jesus ya Mombasa, ambayo leo watoto wa shule hupelekwa kuitembelea, Waingereza waliitumia kama gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Jeshi la Magereza la Tanganyika lilianzishwa kama idara inayojitegemea tarehe 25 Agosti 1931. Na mfumo huo ulipofikia kilele chake, ulituachia kambi ya Hola, Kenya: tarehe 3 Machi 1959 watu 11 waliozuiliwa kwa tuhuma za Mau Mau waliuawa kwa kupigwa na askari kwa kukataa kazi ya kulazimishwa.

Uhuru ulipokuja tuliyarithi majengo, tukarithi kanuni, kisha tukaongeza za kwetu. Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilipitisha Sheria ya Adhabu za Chini, iliyomnyima hakimu uhuru wa kupima kosa na kuambatanisha kifungo na viboko 24. Mwaka 1998 Tanzania ilipitisha sheria ya makosa ya kujamiiana iliyoweka miaka 30 kuwa kiwango cha chini kwa ubakaji, na unyang'anyi wa kutumia silaha nao ukapewa miaka 30. Magazeti yetu huandika kwamba mtu "amekula mvua 30", na msomaji hupita kwenye habari nyingine. Kila moja ya hatua hizi ilichukuliwa kwa hasira ya haki, na hasira hiyo naielewa. Mama aliyebakiwa mtoto wake hana deni la kumwelewa mtu yeyote. Tatizo la kiwango cha lazima ni kwamba humwondolea hakimu kazi yake. Aliyepora simu kwa kumtishia mtu kwa kisu na genge lililovamia benki kwa bunduki hupimwa kwa mizani moja, na kijana wa miaka 20 hutoka akiwa na 50 asijue afanye nini.

Mahakama za kanda hii zimekuwa zikivutana na suala hilo. Uganda, Susan Kigula na wenzake 417 waliokuwa wakisubiri kunyongwa walifungua shauri lililofika hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 21 Januari 2009 ikaamuliwa kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo ni kinyume cha Katiba. Kigula mwenyewe alisomea sheria akiwa gereza la Luzira, na mwaka 2016 akaachiwa huru. Kenya ilifuata tarehe 14 Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu. Lakini Julai 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ilikataa kuupanua msimamo huo hadi kwenye vifungo vya chini vya makosa ya ngono, ikisema kazi ya kupanga adhabu ni ya Bunge. Tanzania haijamnyonga mtu tangu 1994, lakini hukumu ya kifo kwa mauaji imebaki ya lazima, ingawa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilishasema Novemba 2019 kwamba ulazima huo unavunja haki. Kwa hiyo wapo watu wanaozeeka katika gereza la Isanga na kwingineko wakiwa na hukumu isiyotekelezwa wala kuondolewa. Anayesubiri kifo kwa miaka 20 anapewa adhabu ambayo haipo katika sheria yoyote.

Hao, hata hivyo, ni wachache. Wanaojaza vyumba ni wa aina nyingine.

Wa kwanza ni wale ambao kosa lao ni kuonekana. Sheria za uzururaji tulizorithi kutoka Uingereza zinamruhusu polisi kumkamata mtu asiyeweza kueleza anaishi kwa kazi gani. Msako wa usiku huwakusanya wauza karanga, wapiga debe, dada wanaorudi kutoka kazini na vijana wasio na kitambulisho. Mahakama Kuu ya Malawi ilifuta sehemu ya sheria hizo mwaka 2017, na Mahakama ya Katiba ya Uganda ikafanya hivyo Desemba 2022. Kati ya hukumu hizo mbili, Mahakama ya Afrika ilitoa maoni yake ya ushauri tarehe 4 Desemba 2020, kwa ombi la Umoja wa Wanasheria wa Afrika, kwamba sheria za namna hiyo zinawabagua maskini na hazina budi kurekebishwa. Maoni hayo yalitolewa Arusha, katika ardhi yetu, na bado vijana wanakamatwa kwa kuzurura mitaa michache kutoka hapo.

Wa pili ni walioshindwa faini. "Faini au kifungo" husikika kama uchaguzi, na kwa mwenye pesa ni uchaguzi kweli. Mwaka 1958 mahakama ya Dar es Salaam ilimtia Julius Nyerere hatiani kwa kuwakashifu maofisa wa serikali katika gazeti la chama, ikamtaka alipe pauni 150 au aende jela miezi sita. Faini ililipwa na kazi ya kudai uhuru ikaendelea. Kijana aliyetiwa hatiani leo kwa kukutwa na misokoto miwili ya bangi au kuuza pombe ya kienyeji hana chama nyuma yake. Akikosa laki tatu, miezi sita yake inaanza jioni ileile. Gharama ya kumlisha na kumlinda kwa muda huo inaweza kuipita faini aliyoshindwa kuilipa, na serikali inakosa vyote viwili.

Wa tatu, na hapa ndipo nitakaa zaidi, ni mahabusu wasio na dhamana. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Lakini kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kiliorodhesha makosa ambayo mahakama haiwezi kumpa mtu dhamana hata ikiona hana tatizo: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha na mengineyo. Mei 2020 Mahakama Kuu, katika kesi ya Dickson Paulo Sanga, ilisema kifungu hicho kinapingana na Katiba. Tarehe 5 Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi huo. Ukisoma orodha yenyewe unaweza kuona mantiki kwa baadhi ya makosa. Hatari yake ni kwamba anayeamua nani akose dhamana huwa ni yule anayeandika hati ya mashtaka. Jaji haulizwi. Ukiongeza shtaka la utakatishaji fedha kwenye kesi ya kukwepa kodi, umemfunga mtu kwa kalamu, na hakimu hana la kufanya zaidi ya kupanga tarehe.

Mifano ya wazi tunayo. Mfanyabiashara James Rugemalira alikamatwa Juni 2017 katika sakata la kampuni ya umeme ya IPTL akaachiwa Septemba 2021, zaidi ya miaka minne bila kesi kusikilizwa. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar, walioshtakiwa kwa ugaidi, walikaa mahabusu kwa miaka hadi mashtaka yalipoondolewa Juni 2021. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu hao watu na siasa zao. Lakini jamhuri iliyosema kwa miaka yote hiyo kwamba ina ushahidi dhidi yao, mwishowe haikuuleta.

Tazama pia kinachotokea gereza la mahabusu linapokutana na mpango wa kukiri kosa kwa makubaliano, ulioingizwa katika sheria zetu mwaka 2019. Kwenye karatasi ni njia mbadala nzuri: inafupisha kesi, inapunguza msongamano, inarudisha fedha. Septemba mwaka huo Rais John Magufuli alishauri walioshtakiwa kwa uhujumu uchumi wapewe nafasi ya kuomba radhi na kurejesha fedha, na ndani ya siku chache Mkurugenzi wa Mashtaka alitangaza kwamba watu 467 walikuwa tayari kurejesha zaidi ya shilingi bilioni 107. Wengine bila shaka walikuwa wameiba. Lakini mtu aliyekaa ndani miaka miwili bila dhamana, bila tarehe ya kesi kusikilizwa, akaambiwa kwamba akikiri na kulipa atatoka kesho, amepewa uhuru gani wa kuamua? Asiye na kosa atakiri ili akamwone mama yake. Mpango huo unahitaji mtu anayejadiliana akiwa nje, au angalau mwenye uhakika kwamba akikataa kesi yake itasikilizwa mwezi ujao. Bila hivyo unageuka fidia ya kujikomboa.

Kenya iliandika vizuri zaidi. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inampa kila aliyekamatwa haki ya dhamana isipokuwa kuwe na sababu nzito, na inakataza kabisa kumweka mtu rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Hata hivyo rumande za Industrial Area na Shimo la Tewa hazijawahi kukosa watu. Sababu yake ni kiwango cha dhamana. Haki ya dhamana ya shilingi 50,000 kwa mtu anayepata 400 kwa siku ni haki iliyowekwa juu ya mti. Tanzania kikwazo huwa wadhamini: watu wawili wenye vitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, wakati mwingine mtumishi wa umma au mwenye hati ya nyumba. Mhamiaji aliyetoka Kibondo kuja kutafuta maisha Manzese hamjui mwenye hati ya nyumba.

Kwa kipimo hiki Kongo inatuonyesha mwisho wa barabara. Gereza la Makala mjini Kinshasa lilijengwa wakati wa Wabelgiji kwa watu 1,500. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024, wafungwa walipojaribu kutoroka, serikali ilikiri kwamba watu 129 walikufa, wengine kwa risasi na wengi kwa kukanyagana na kukosa hewa. Gereza lilikuwa na watu zaidi ya 12,000, na wengi wao walikuwa hawajahukumiwa.

Kifungo hufanya nini kwa mtu? Jambo la kwanza ni mwili. Waliopitia magereza ya Segerea na Keko husimulia kulala mchongoma, watu wamepangwa ubavu kwa ubavu, na mnyapara akiamuru wote wageuke kwa pamoja kwa sababu mmoja hawezi kugeuka peke yake. Uwezo rasmi wa magereza ya Tanzania kwa miaka mingi umetajwa kuwa watu 29,902, na kwa miaka mingi idadi imekuwa juu ya hapo. Katika chumba kama hicho kifua kikuu hakihitaji kutafuta njia. Kinaenea gerezani mara nyingi zaidi kuliko uraiani, na hakiishii humo: askari magereza hurudi nacho nyumbani, na anayeachiwa hurudi nacho mtaani.

Jambo la pili ni akili, na kwa hili fasihi yetu ina shahidi. Abdilatif Abdalla alihukumiwa miaka mitatu mwaka 1969 kwa kuandika waraka uliohoji Kenya inaelekea wapi, na sehemu kubwa ya kifungo hicho aliitumikia akiwa peke yake, akiandika mashairi yake kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yalitoka kama kitabu, Sauti ya Dhiki, mwaka 1973. Tunamsifu kwa ushujaa wake, na ni haki. Lakini kwa Abdilatif mmoja aliyetoka na kitabu, wapo wengi waliotoka wakizungumza peke yao. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa Desemba 2015, zimepiga marufuku kumtenga mtu peke yake kwa zaidi ya siku 15 mfululizo, kwa sababu inajulikana inamfanya nini binadamu.

Jambo la tatu ni familia, na nadhani ndilo zito kuliko yote kwa sababu halimo katika hukumu yoyote. Hakimu akimfunga baba, anawahukumu pia watu ambao hajawahi kuwaona. Mke anaanza kutafuta nauli ya kwenda kumwona, sabuni, dawa ya meno, pesa ya wakili. Shamba linauzwa, kwa kawaida kwa bei ya mtu mwenye haraka. Mtoto wa darasa la sita anaanza kuuza maji stendi. Akifungwa mama mwenye mtoto anayenyonya, mtoto anaingia naye, na hatua zake za kwanza anazipigia ndani ya ukuta. Kanuni za Bangkok za Umoja wa Mataifa, za mwaka 2010, zinazitaka serikali zimfikirie kwanza mwanamke wa namna hiyo kwa adhabu ya nje, na akina mama wengi waliomo magerezani kwetu kwa pombe haramu au wizi mdogo wangeweza kuitumikia wakiwa wanalea.

La nne ni siku ya kutoka. Kenya, kazi nyingi, hata ya ulinzi wa geti, hudai cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi. Kijana aliyetumikia miezi minane kwa kuiba betri ya gari ataonekana humo kwa miaka mingi. Huku kwetu Tanzania cheti hakina nguvu hiyo, lakini mtaa una kumbukumbu yake. Kuku akipotea, polisi watakwenda kwake kwanza. Ndani alikutana na wanaojua kuvunja nyumba kuliko yeye, nje hakuna anayemwajiri. Kurudi kwake gerezani hakuhitaji maelezo marefu.

Wanaopenda adhabu kali husema: sawa, ni maumivu, lakini yanatulinda. Hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa mifano. Finland, katikati ya karne ya 20, ilikuwa na wafungwa wengi mno ikilinganishwa na majirani zake wa Skandinavia. Wanasiasa, majaji na wanazuoni wa huko waliamua kwa makusudi kupunguza: wakafupisha vifungo vya wizi, wakapanua kifungo cha nje na faini zinazolingana na kipato cha mtu. Kufikia miaka ya 1990 idadi ya wafungwa wake ilikuwa sawa na ya majirani, na uhalifu wake ulikuwa umepanda na kushuka kwa mwendo uleule wa Sweden, Norway na Denmark, ambazo hazikubadilisha chochote cha kulinganishwa na hicho. Marekani ilikwenda upande wa pili. Kutoka chini ya watu nusu milioni mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilifikisha zaidi ya milioni 2. Uhalifu ulipungua miaka ya 1990, kweli, lakini ulipungua pia Kanada, ambayo haikuwafungia watu kwa kasi hiyo. Mwanafalsafa Mwitaliano Cesare Beccaria aliliandika hili mwaka 1764: kinachomzuia mtu ni uhakika wa kukamatwa kuliko ukali wa adhabu. Kwetu mhalifu wa kweli anajua kwamba nafasi ya kukamatwa na kesi yake kufika mwisho ni ndogo. Kuongeza mvua 30 ziwe 40 hakumtishi mtu wa hivyo. Kunamtisha yule ambaye tayari alikuwa mwoga.

Njia mbadala tunazo. Kenya ilipitisha Sheria ya Huduma kwa Jamii mwaka 1998, Tanzania mwaka 2002, na zote mbili zinairuhusu mahakama kumpa mtu ambaye kosa lake lina kifungo kisichozidi miaka mitatu kazi ya bure badala ya gereza: kusafisha zahanati, kupanda miti, kuchimba mtaro wa barabara, kisha jioni arudi kwake. Kabla ya hapo kulikuwa na uangalizi, unaotokana na sheria za enzi ya Waingereza, ambapo mtu huachiwa kwa masharti chini ya ofisa anayemtembelea. Tanzania ina Bodi za Parole tangu sheria ya 1994, ingawa makosa yaliyotengwa ni mengi kiasi kwamba anayenufaika ni mmoja mmoja. Msamaha wa Rais nao hutolewa: tarehe 9 Desemba 2019 watu 5,533 walisamehewa kwa siku moja. Huo ni ukarimu, na kwa kila aliyetoka ulikuwa siku kubwa. Lakini msamaha humgusa aliyehukumiwa tu. Mahabusu, ambaye kisheria hana hatia, hana cha kusamehewa, hivyo hubaki ndani.

Adhabu ya nje inakwama wapi? Inakwama kwa hakimu anayeogopa kwamba akimpa mtu kifungo cha nje mtaa utasema amekula rushwa. Woga huo una msingi, maana rushwa ipo na watu wameiona. Inakwama pia kwa uhaba wa maofisa wa uangalizi. Hakimu anahitaji taarifa ya mtu huyu ni nani na anaishi wapi, na ofisa mmoja anayehudumia wilaya nzima bila pikipiki hawezi kuileta kwa wakati. Gereza liko tayari siku zote, karandinga lipo nje.

Kielelezo kikubwa kuliko vyote katika kanda hii ni Rwanda. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, magereza yake yalisongamana watu zaidi ya 100,000, na mahakama za kawaida zingehitaji vizazi kadhaa kuwahukumu. Gacaca, mahakama za kijamii, zilianza kwa majaribio mwaka 2002, zikaenea nchi nzima mwaka 2005 na kufungwa Juni 2012 baada ya kushughulikia kesi karibu milioni 1.9. Aliyekiri na kueleza alipotupa miili alipunguziwa kifungo, na sehemu yake akaitumikia kwa kazi za umma, kuchonga matuta na kujenga barabara. Kasoro zilikuwa kubwa: hakukuwa na mawakili, mashahidi wengine waliuawa au kutishwa, na makosa ya jeshi lililoshinda hayakuletwa mbele ya mahakama hizo. Hata hivyo familia nyingi zilipata jambo ambalo gereza halingewapa kamwe, kujua ndugu yao amelala wapi ili wamzike. Nchi iliyokabiliwa na kosa kubwa kuliko yote ilithubutu kuwaza nje ya ukuta, nasi tunashindwa kwa mwizi wa kuku.

Lakini si kila kosa linafaa kumalizwa nje, na sisi tunaotetea njia mbadala tuna wajibu wa kulisema hili kwa sauti. Mwaka 2013, Busia nchini Kenya, msichana wa miaka 16 alibakwa na kundi la wanaume na kutupwa ndani ya shimo la choo. Polisi waliwaadhibu waliokamatwa kwa kuwafyekesha nyasi kituoni, kisha wakawaachia. Ilichukua maandamano na saini za watu zaidi ya milioni moja duniani hadi kesi ikafunguliwa, na Aprili 2015 watatu wakafungwa miaka 15. Vijijini kwetu kesi za aina hii humalizwa "kifamilia" kila mwezi: baba analipwa mbuzi au laki kadhaa, binti anaambiwa anyamaze. Huo si usuluhishi, ni mauzo. Suluhu ya kweli huanza na aliyekosewa, akiwa salama, akisikilizwa, akiwa na uwezo wa kukataa. Mahali ambapo upande mmoja una nguvu zote, ukuta wa gereza unabaki kuwa kinga pekee ya mnyonge, na sitaki uvunjwe.

Kwa makosa mengine mengi, aliyekosewa hapati chochote kutoka gerezani. Mwenye duka aliyeibiwa betri angependa betri yake au thamani yake. Anapoteza siku tano kutoa ushahidi, mwizi anafungwa, na yeye hajarudishiwa hata mia. Sheria inamruhusu hakimu kuamuru fidia. Iamuriwe kwanza, kifungo kifikiriwe baadaye.

Kuhusu mlango wenyewe, kazi imeanza. Mwaka 2022 sheria ya Tanzania ilirekebishwa ili kesi zisifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa makosa makubwa. Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuangalia taasisi za haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na Julai mwaka huo ikamkabidhi ripoti. Tatizo limebaki kwenye lile neno "isipokuwa", kwa sababu mahabusu wanaokaa muda mrefu kuliko wote ndio walioshtakiwa kwa makosa makubwa. Dhamana ya makosa hayo irudishwe mikononi mwa jaji, aikatae pale anapoona hatari na aeleze kwa nini. Muda wa upelelezi uwe na ukomo, na ukipita mtu aende nyumbani, akamatwe tena siku ushahidi utakapopatikana. Faini zipimwe kwa kipato cha mtu. Sehemu ya fedha za kumlisha aliyefungwa kwa kushindwa faini iende kwa maofisa wa uangalizi, na wanunuliwe pikipiki.

Na kila mwaka, Waziri wa Mambo ya Ndani anaposoma bajeti yake bungeni Dodoma, pamoja na idadi ya magari na nyumba za askari, atusomee takwimu moja zaidi: ni mahabusu wangapi siku hiyo wametimiza mwaka wa pili bila shahidi wa kwanza kuitwa, na wako magereza gani.